Tasnifu na Ulimi wa Shahidi: Kuhusu Marekebisho Yanayotangulia Idhini

Tasnifu ya shahada ya uzamili haikamiliki siku inapowasilishwa. Mwanafunzi huamini kwamba imekamilika siku ile anapobeba nakala zake zilizobanwa kwa plastiki, akazikabidhi katika ofisi ya masomo ya uzamili, akatiliwa saini kitabuni, kisha akarudi nyumbani kulala usingizi alioukosa kwa miaka miwili. Lakini taratibu za vyuo vingi vya Afrika Mashariki zinasema vingine. Nakala zile hupelekwa kwa watahini, na kwa kawaida mmoja wao hutoka nje ya chuo. Kila mtahini huandika ripoti yake, jopo huketi, mtahiniwa huitetea kazi yake kwa mdomo, na hatimaye hutolewa hukumu moja kati ya chache zinazojulikana: kazi imekubaliwa ilivyo, imekubaliwa kwa sharti la marekebisho madogo, imekubaliwa kwa sharti la marekebisho makubwa, irudiwe na kuwasilishwa upya, au imekataliwa. Hukumu ya kwanza ni nadra. Ya mwisho nayo si ya kila siku. Walio wengi huangukia katikati, na hapo katikati ndipo inapoanza kazi ambayo kozi za mbinu za utafiti hazina mazoea ya kuifundisha.

Kisa kinachoelezwa hapa ni cha mwanafunzi mmoja wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya, mwalimu wa shule ya upili kwa kazi yake, ambaye tasnifu yake ilihusu msamiati wa uvuvi katika lahaja ya Kimvita. Alikuwa amewahoji wavuvi kadhaa wa Mombasa, wengi wao wazee, kuhusu nyavu na mitego (jarife, juya, kimia, dema), kuhusu pepo (kusi, kaskazi, matlai, umande), na kuhusu mwenendo wa maji, yaani tofauti ya bamvua na maji mafu na namna mvuvi anavyoipanga wiki yake kwa kuutazama mwezi. Hakukusanya maneno matupu. Alikusanya sentensi nzima, kwa kuwa msimamizi wake alikuwa amemwonya mapema kwamba neno lililong'olewa katika sentensi yake ni kama samaki aliye sokoni: watu hulijua jina lake, ila hakuna ajuaye alivyokuwa akiogelea.

Hukumu ya jopo ilikuwa marekebisho makubwa. Mtahiniwa alipewa miezi mitatu, pamoja na ripoti za watahini zenye jumla ya hoja 37, na kielelezo cha jedwali alilotakiwa kulijaza. Jedwali lilikuwa na safu tatu. Safu ya kwanza ni ya hoja ya mtahini, ya pili ni ya hatua iliyochukuliwa, na ya tatu ni ya ukurasa ambapo hatua hiyo inaonekana. Hakuna hoja inayoruhusiwa kuachwa bila jibu. Msimamizi hutia saini chini ya jedwali, kisha mtu aliyeteuliwa na jopo huhakiki safu kwa safu, na bila saini hizo mbili jina la mtahiniwa haliingii katika orodha ya mahafali.

Mengi kati ya yale 37 yalikuwa mepesi, na mengine yalichekesha kidogo. Mtahini wa nje alitoka upande wa pili wa mpaka. Palipoandikwa "marejeleo" yeye alitaka "marejeo". Palipoandikwa "kikundi nomino" alitaka "kirai nomino". Na neno "tarakilishi" alilipigia mstari mara mbili na kuandika pembeni "kompyuta" kwa herufi zilizokolea, kana kwamba alikuwa akimwokoa mtu majini. Nchi mbili jirani zinazofundisha somo moja kwa lugha moja zimejijengea istilahi mbili mbili kwa mambo yaleyale, na mzigo wa tofauti hiyo hutuliwa juu ya mabega ya mtahiniwa. Yeye aliibakiza "marejeleo" kwa kuwa ndiyo iliyokuwa katika mwongozo wa idara yake, akakubali "kirai nomino", na kuhusu kompyuta hakuona sababu ya kupigana.

Hoja nyingine zilikuwa nzito na za haki. Sura ya pili, ya mapitio ya maandishi, ilikuwa foleni: fulani (mwaka) anasema, fulani (mwaka) anaongeza, fulani naye (mwaka) anakubaliana nao. Mtahini wa ndani aliuliza swali moja tu: mtahiniwa mwenyewe anasemaje? Kurasa 19 zikakatwa, na sura ikawa bora kwa kukatwa huko. Nadharia nayo ilitajwa kwa shangwe katika sura ya kwanza, ikatoweka, ikaja kuonekana tena katika hitimisho kama mgeni aliyepotea njia akafika arusini wakati sahani zinaoshwa. Kasoro hii imeenea mno katika tasnifu za uzamili, na pengine si ya wanafunzi peke yao, maana mara nyingi nadharia hudaiwa katika pendekezo la utafiti kabla mwanafunzi hajajua data yake inasema nini. Mtahiniwa huyu aliifanyia kazi wiki tatu.

Ikabaki hoja ya 22. Mtahini wa nje aliandika: "Data katika sura ya nne si ya Kiswahili sanifu na haina uwiano. Taz. uk. 61 'ndia', uk. 84 'njia', msemaji yuleyule. Mwongozo unaagiza tasnifu iandikwe kwa Kiswahili sanifu. Data yote isanifishwe."

Ni kweli kwamba mwongozo uliagiza hivyo. Sentensi ilikuwa moja, fupi, bila ufafanuzi: tasnifu iandikwe kwa Kiswahili sanifu. Aliyeiandika yamkini alikuwa akiwazia lugha ya mwandishi wa tasnifu, yaani maelezo yake, hoja zake na hitimisho lake. Hakumfikiria mzee aliyeketi kwenye jiwe kando ya maji, aliyezaliwa katika Kimvita na kuvua katika Kimvita, ambaye maneno yake yamo ndani ya tasnifu kama ushahidi. Lakini sheria fupi husomwa kwa urefu wa anayeisoma, na mtahini hakuwa amezua jambo.

Wenzake walimpa ushauri wa kawaida. "Dada, badilisha tu," mmoja alimwambia. "Ukishavaa joho utaandika makala, na humo utaweka kila 'ndia' unayoitaka." Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi. Likizo yake ya masomo ilikuwa ikikaribia kwisha. Kupandishwa cheo kulikuwa kunangoja cheti. Na kuvuka muhula kulimaanisha kulipa karo ya muhula mwingine kwa ajili ya neno lenye herufi nne. Isitoshe, kazi yenyewe ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Programu ya kuandikia ingebadilisha kila "ndia" kuwa "njia", kila "mato" kuwa "macho" na kila "ndaa" kuwa "njaa" kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Zamani za taipureta mwanafunzi angalau angepata usiku kadhaa wa kujiuliza anafanya nini, ukurasa baada ya ukurasa.

Alikwenda kwa msimamizi wake. "Mwalimu," alisema, "nikiandika 'njia' nitakuwa nimemsingizia mzee. Hakusema hivyo."

"Basi usiniambie mimi," mwalimu akamjibu. "Liambie jedwali."

Jibu hilo lilimkera mwanzoni, kwa kuwa alikuwa amekuja kutafuta ngao. Baadaye alielewa kwamba alikuwa amepewa kitu bora zaidi. Safu ya pili ya jedwali haikuandikwa "marekebisho yaliyofanywa". Iliandikwa "hatua iliyochukuliwa". Kukataa hoja kwa sababu zinazoeleweka nako ni hatua. Wanafunzi wengi hawalijui hili. Huichukua ripoti ya mtahini kama hati ya mahakama, wakatekeleza yote, pamoja na yale ambayo mtahini mwenyewe aliyaandika kama swali. Na tasnifu hutoka ikiwa imetii lakini haina mwenyewe.

Palikuwa na historia ya kuiweka katika safu hiyo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya usemi wa mji huo. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kwa miongo kadhaa wamisionari walishindana kwa maandishi ya pande hizo mbili, hadi mkutano uliofanyika mwaka 1928, huko huko Mombasa, ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930 ili kuusimamia uamuzi huo, na mwaka 1939 ikatoka kamusi sanifu iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson. Linalosahauliwa ni kwamba mwaka huohuo wa 1939 lilianza kutoka buku la kwanza la kamusi ya Charles Sacleux, ambayo kila mara hueleza neno hili ni la Mvita, hili la Amu, hili la Pemba. Usanifishaji na unukuzi wa lahaja vilitoka mitamboni pamoja, na hakuna aliyedhani kwamba kimoja kilikuwa kinakifuta kingine. Uamuzi wa 1928 ulihusu vitabu vya shule na karatasi za serikali. Haukuwaagiza wavuvi waseme nini.

Hata hivyo, mtahiniwa alipoanza kuliandika jibu hili aligundua kwamba lilijibu nusu tu ya hoja ya 22, tena ile nusu nyepesi. Mtahini alikuwa amesema mambo mawili. La kwanza, kwamba data si sanifu. Hilo lilikuwa na majibu. La pili, kwamba data haina uwiano: msemaji mmoja, "ndia" katika ukurasa wa 61 na "njia" katika ukurasa wa 84. Hapa historia ya kamati haikuwa na msaada wowote. Ikiwa mzee anasema "ndia", kwa nini anasema "njia"? Na ikiwa hakusema, nani aliyesema?

Akarudi kwenye sauti. Alizisikiliza rekodi zote upya kwa siku nane, akiwa na vifaa vya masikioni, kalamu mkononi, na nakala ya tasnifu mbele yake. "Njia" zilikuwa tatu kwa jumla katika usemi wa mzee huyo. Mbili kati yake hazikuwamo katika sauti. Mzee alikuwa amesema "ndia" waziwazi, na sikio lililofundishwa shuleni na kufundisha shuleni lilikuwa limelipitisha neno katika mlango wa Kiswahili sanifu kabla mkono haujaliandika. Unukuzi wa data huelezwa katika sura za mbinu kwa sentensi moja, kana kwamba ni kazi ya karani. Lakini anayenukuu lahaja jirani na lugha yake mwenyewe anasikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na asipokuwa mwangalifu huandika lile alilolizoea. Laiti mtahini asingelalamika, makosa hayo mawili yangejaladiwa na kutiwa herufi za dhahabu.

"Njia" ya tatu, ile ya ukurasa wa 84, ilikuwamo katika sauti. Mzee alisema "njia". Sauti ilikuwa safi, haina shaka, na mtahiniwa aliirudia mara nyingi akitumaini kusikia kingine. Mwishowe alimpigia simu, akamsomea sentensi yote: mzee alikuwa akisimulia namna afisa mmoja alivyowazuia kuvuka mkondo wa meli wa Kilindini kwa mashua yao, akatwambia njia hii si yenu.

Mzee alicheka. "Mwanangu, hilo si langu," alisema. "Hilo ni la yule bwana. Mimi nalimuiga."

Ilikuwa nukuu ndani ya nukuu. Mzee alikuwa ameweka alama za kufungua na kufunga usemi kwa sauti yake, kwa kubadili lahaja, kama msimulizi hodari afanyavyo. Na mwandishi wa tasnifu hakuziona kwa kuwa alikuwa akisaka majina ya nyavu. Lugha sanifu ilikuwa imeingia katika usemi wa mvuvi ikiwa na mwenyewe, ikiwa na cheo, na ikiwa inakataza jambo. Kama data "ingesanifishwa" kama ilivyoagizwa, sentensi za uk. 61 na uk. 84 zingefanana, na tukio hilo lingezikwa pasipo mtu kujua kwamba lilikuwapo. Lakini pia, na hili ndilo mtahiniwa aliloliandika kwa uaminifu katika safu ya pili, kama data ingeachwa ilivyokuwa, kwa jina la kumheshimu mzee, maana hiyo ingebaki imefichwa vilevile.

Kulikuwa na hoja ndugu, ya 25, ambayo awali aliiona ya dharau. Mzee mwingine, akieleza namna uso wa bahari unavyometameta kabla ya upepo kugeuka, alikuwa amesema: "Bahari ikiteka, nawe usiteke." Pembeni mtahini aliandika: "Bahari inateka nini? Maji ya nani?" Mtahiniwa alikuwa ameisoma hoja hiyo kwa hasira, kwa maana kila mtu wa Mombasa anajua kwamba hapo kuteka ni kucheka. Lakini mtahini si mtu wa Mombasa, wala hawatakuwa watu wa Mombasa wasomaji wengi wa tasnifu hiyo. Katika Kimvita kuna kuteka mbili. Ya maji kisimani hutamkwa kwa ncha ya ulimi kwenye ufizi; ya kucheka hutamkwa ulimi ukigusa meno. Mvita hazichanganyi kamwe. Maandishi ya Kiswahili sanifu huyaandika matamshi yote mawili kwa t moja, kwa kuwa Kiunguja hakikuzihitaji t mbili: chenyewe kina kuteka na kucheka. Kwa hiyo sentensi ya mzee, ingawa iliandikwa bila kubadilishwa herufi hata moja, ilikuwa imebadilishwa tayari. Kuandika "ilivyosemwa" kwa tahajia ya wengine si kuandika ilivyosemwa.

Mtahiniwa aliongeza kurasa nne katika sura ya tatu kueleza mfumo wake wa unukuzi, akatia alama ndogo chini ya kila t ya meno katika data yote, na chini ya kila mfano akaweka tafsiri yake kwa Kiswahili sanifu, jambo ambalo awali aliliona la kuwatusi wasomaji. Katika uk. 84 alitia alama za usemi na tanbihi. Jibu la hoja ya 22 lilijaza karibu ukurasa mzima wa jedwali. Lilianza kwa maneno haya: "Data haikusanifishwa. Makosa mawili ya unukuzi yamesahihishwa (uk. 70, 77). Mfano wa uk. 84 umethibitishwa kuwa sahihi, na sababu imeelezwa." Msimamizi alilisoma, akafuta kiambishi kimoja, akatia saini.

Mhakiki alikaa na jedwali siku 12, ambazo mtahiniwa hakuzisahau. Lilirudi likiwa limeidhinishwa, pamoja na dokezo kwa penseli kwamba mtahini wa nje ameonyeshwa majibu ya hoja ya 22 na ya 25 na ameridhika, na kwamba tanbihi ya uk. 84 ingestahili kuwa sehemu kamili. Haikuwezekana tena, muda ulikuwa umekwisha. Sentensi ya mwongozo kuhusu Kiswahili sanifu haijaguswa. Idara ilijadili kuiongezea maneno "isipokuwa data", ikaahirisha.

Taratibu za chuo zilitaka nakala zenye jalada gumu kwa ajili ya maktaba, idara na msimamizi. Waliohojiwa hawamo katika orodha hiyo. Mtahiniwa alichapisha nakala moja zaidi kwa gharama yake, akaibana kwa plastiki na kumpelekea mzee wa "ikiteka", ambaye macho yake hayasomi tena. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, alipewa kazi ya kumsomea sura ya nne. Alipofika kwenye ile sentensi alisoma kuteka kwa ncha ya ulimi, kama ya kisimani, na babu akamkatiza hapo hapo na kumtamkia lake, ulimi ukigusa meno. Kijana akautazama ukurasa tena. Akaiona ile alama chini ya herufi, na akasema alidhani ni wino uliodondoka.